Pumzi ya Kiti cha Nyuma

Kandambili zake ndizo nilizozisikia kwanza. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, nami nilikuwa jikoni napapasa rafu nikitafuta kiberiti. Katika giza lile kandambili ndogo zikaburuzwa sakafuni, shwa, shwa, kutoka chumbani, kupita sebuleni, hadi kwenye mlango wa uani. Komeo likalia. Kisha kimya. Sikumwita. Nyumba yetu ilikuwa imeshasahau kuitana.

Nilimkuta binti yangu amesimama kando ya gari, kiganja amekibandika kwenye mlango wa nyuma, sikio amelitega kama daktari anayesikiliza kifua. Gari nilikuwa nimelizima tangu mchana. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, niliushika kuhakikisha. Lakini gari lilikuwa likivuma. Mvumo mwembamba, wa chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

"Anapumua," aliniambia kwa kunong'ona.

Nilimbeba nikamrudisha ndani na kufunga komeo, ingawa niliyemkimbia, kama alikuwapo, hakuwa mtu wa kuzuiwa na komeo.

Baba yake alikuwa dereva wa kukodiwa. Gari alilinunua limeshatumika, haibridi, la petroli na umeme kwa pamoja, na alilipenda kuliko viatu vyake vya sikukuu. Likisimama kwenye foleni hunyamaza kabisa, unaweza kudhani limekufa. Halafu, bila mtu kugusa kitu, injini huamka yenyewe kujaza betri. Abiria wengi walishtuka. Yeye alikuwa akicheka na kuwaambia kwamba gari lake lina akili kuliko dereva. Binti yetu alikaa kiti cha nyuma tangu akiwa mchanga, na kwa sababu hiyo baba yake alimwita Abiria. Mtaa mzima nao ukanivisha jina: Mama Abiria.

Mume wangu alikuwa na msimamo mmoja kuhusu magari, na alimchosha kila mtu nao. Gari huhudumiwa likiwa zima, alikuwa akisema. Ukingoja liugue, umeshachelewa. Alibadilisha oili kabla haijawa nyeusi, aliangalia maji ya rejeta kila alfajiri kama mama anayemgusa mtoto paji la uso. Mwili wake hakuuangalia hivyo. Maumivu ya tumbo aliyatembeza mwaka mzima akisema ni gesi tu. Alipokubali kupimwa, daktari alitutazama sote kwa upole ambao sikuupenda.

Akaletwa nyumbani kuugulia. Usingizi wake ulikuwa mwepesi mno, kijiko kikianguka anaamka akiwa na maumivu mapya. Ndipo mama mkwe akatoa amri: ndani ya nyumba hii watu wanong'one. Tukanong'ona. Tulinong'ona tukila, tukigombana, tukimwogesha mtoto. Abiria alijifunza haraka kuliko sisi, akawa anatembea kwa ncha za vidole na kuweka kidole mdomoni wageni wakiingia. Tulimsifu. Kila mtu alisema, mtoto huyu ana adabu.

Baba yake aliporudishwa hospitalini akafariki, watu walilia kwa sauti siku zile za msiba, wakaondoka. Sisi tukabaki, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mtoto kwamba sasa inaruhusiwa kusema. Mimi sauti yangu ilirudi nusunusu. Yake haikurudi. Nilipompeleka kuandikishwa shule, mwalimu alimwuliza jina lake, akainama, akainama zaidi, mwisho sikio lake likawa karibu na midomo ya mtoto, na bado akanitazama mimi. Alisema tumlete muhula ujao, na tusiwe na wasiwasi. Nikaitika, kisha nikaenda kukaa garini na wasiwasi wangu. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumsikia mwanangu akisema chochote, hata matusi, kwa sauti ya mtoto.

Msiba ule ndio uliolipatia gari jina baya. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amelisogeza kuwapisha wageni, na kwa kuwa halikuunguruma, akadhani limezimwa. Akaliacha limewaka, akatoka zake. Watu wamekaa uani kwenye mikeka, wengine wanasinzia, jua linazama, ghafla injini ikaamka peke yake, kiti cha dereva kitupu. Uani pakabaki mikeka. Shemeji mwenyewe aliruka ukuta akaacha kiatu kimoja upande wetu. Baadaye kidogo mlinzi wa jirani alilizima na kucheka mpaka akakaa chini. Ni mama mkwe peke yake ambaye hakuwa ameinuka. Alikuwa amekaa palepale akilitazama gari, machozi yanamtoka bila uso kubadilika.

"Mwanangu amerudi," alisema.

Tulimweleza. Mlinzi alimweleza, mimi nilimweleza, shemeji alimweleza huku akitafuta kiatu. Aliitikia kwa adabu, kama mtu anayewasikiliza watoto. Toka hapo hakutaka gari lioshwe ndani. Na mimi, ambaye nilikuwa nimesoma masomo ya jioni hadi nikapata cheti cha umeme, ambaye ningeweza kuchora mzunguko wa umeme ubaoni, nikajikuta napita mbali na gari hilo kila giza linapoingia.

Lakini mchana nililihitaji. Nilishika kazi ya mume wangu: asubuhi nawapeleka wauguzi wa zamu hospitalini, mchana nawarudisha wanaotoka. Abiria nilikuwa naye, kiti chake kilekile, mkanda uleule. Ubavuni mwa kiti cha nyuma, usawa wa kichwa chake, kulikuwa na tundu la hewa lenye wavu wa plastiki. Tukitembea kwa muda, ndani ya tundu lile kitu kilianza kuvuta hewa. Kwanza taratibu. Kadiri wiki zilivyopita sauti ikawa nzito, yenye mkwaruzo, hhhhh, kama mtu mzima anayelala kwa shida. Tulikuwa tumeisikia pumzi ile. Tulikuwa tumelala nayo chumba kimoja.

Muuguzi mmoja mcheshi aliniuliza siku moja kama nimembeba mgonjwa kwenye buti. Wenzake wakacheka. Kwenye kioo niliona Abiria amegeuza uso kwenye wavu na midomo yake inacheza. Alikuwa akiongea na tundu.

Mama mkwe ndiye aliyempa blanketi. Lilikuwa blanketi la kijani, lile alilofunikwa marehemu, na bibi alimwelekeza mjukuu alipange vizuri juu ya wavu ili baba asipigwe na baridi. Nililiona na nikaliacha. Sikuwa na nguvu ya kumwondolea mtoto blanketi la baba yake, wala ya kubishana na mzee aliyezika mwanawe.

Pembeni mwa kioo cha mbele mume wangu alikuwa amebandika kikaratasi chenye namba: kilomita ambazo gari likizifikia, lipelekwe huduma. Mwandiko wake, ule wa kuegemea kulia. Alikuwa amelipangia gari miadi ambayo yeye mwenyewe hakufika. Nilikuwa naitazama dashibodi ikiisogelea namba ile kila siku, na nilianza kuchagua njia fupi, nikichelewesha. Sijui nilidhani nini kitatokea tukifika. Wiki tuliyofika, asubuhi, tukiwa mlimani na wauguzi wamejaa, taa ya onyo ikawaka, nyekundu, ya betri kubwa. Gari likaishiwa nguvu. Pumzi nyuma ikapanda, ikapanda, mpaka wauguzi wakanyamaza.

Jioni shemeji alisema tuliuze kabla halijafa. Betri ile ikifa, alisema, heri ununue punda, angalau punda anajua njia ya nyumbani. Mama mkwe alisema lisiuzwe na lisiguswe.

"Mkilifungua, mtamtoa," aliniambia. Kwa kunong'ona, bila shaka.

Nilimwambia, "Mama, nimekusikia." Asubuhi yake nikaenda gereji.

Fundi wa mume wangu alikuwa anaitwa Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Gereji yake ilikuwa na sakafu safi kuliko jikoni kwangu. Alinipa pole, akalizunguka gari akiwa ameweka mikono nyuma, akasoma kile kikaratasi kiooni. Kisha akafanya huduma yote kama alivyozoea: akamwaga oili na kunionyesha ilivyokuwa, akaniambia watu wa haibridi hujidanganya kwamba injini ikilala nusu ya safari basi oili haichoki. Akakagua maji ya injini na yale mengine ya kupozea mfumo wa umeme, ambayo wengi husahau kwamba yapo. Akasafisha koo la hewa la injini, akatazama plagi. Injini ilikuwa nzima, alisema, jamaa aliitunza. Ndipo akafungua mlango wa nyuma, akamwona Abiria, na akaliona blanketi.

"Mama Abiria, nani ameziba pua ya gari?"

Akanieleza pale, naye mtoto anasikiliza. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, huchemka ikifanya kazi, na feni huvuta hewa ya humu ndani kuipoza, kupitia wavu ule. Ukifunika wavu, feni inahangaika. Blanketi likitoa manyoya, feni inayameza. Sauti ile ilikuwa ya feni inayokabwa. Wiki chache zaidi, betri ingekufa.

Nikamuuliza pia kuhusu mvumo wa jioni, gari likiwa limezimwa. Nilijitahidi kuuliza kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, lakini alinitazama mara mbili. Alisema huo si ugonjwa. Gari likishalala kwa saa kadhaa, kipampu kidogo hujiwasha, hulifunga tangi la mafuta na kupima kama kuna mahali panapovuja mvuke.

"Ni kama mtu anayezunguka nyumba akikagua milango kabla ya kulala," alisema. "Likimaliza, linanyamaza. Siku usipolisikia ndipo uniletee."

Mume wangu alikuwa akikagua milango hivyo kila usiku. Fundi hakujua. Nilitazama sakafu safi mpaka macho yakakauka.

Ilibaki kufungua. Fundi alimwomba Abiria ashuke. Hakushuka. Alishika mkanda kwa mikono yote miwili, akaukumbatia ule upande wa kiti, shavu kwenye wavu. Hakulia wala kupiga kelele, na hilo ndilo lililonikata maini. Mtoto wa umri ule angepaswa kuangusha gereji kwa kelele. Fundi akarudi nyuma, akajifanya anatafuta bisibisi.

Niliingia nikakaa karibu naye. Nilikuwa na sentensi nyingi tamu tayari, za mawingu na nyota. Nilikuwa nimeziandaa tangu mlango wa gereji. Zote zilikuwa za kunong'ona. Nikaziacha.

"Baba alikufa," nilisema, kwa sauti yangu ya zamani, ile ya kuitia mtu kutoka barabarani. Iligonga mabati ya gereji ikarudi. "Alikufa hospitalini, mimi nimemshika mguu. Hayumo humu. Hii ni feni."

Alinikodolea macho, akaweka kidole mdomoni mwake kunionya. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia kwamba baba hawezi tena kuamshwa, kwa hiyo hatuna haja ya kunong'ona, na kwamba tulikosea sisi wakubwa kutomwambia mapema. Kisha akaninong'oneza swali ambalo sikulielewa wakati ule.

"Sasa vitu vyangu alivipokea nani?"

Kabla sijauliza ni vitu gani, fundi alikuwa amerudi. Ana desturi yake ambayo haivunji: kabla ya kutia mkono karibu na betri kubwa huchomoa plagi maalumu ya kukata umeme, kubwa kama kiganja, rangi ya machungwa, na huiweka mfukoni mwake ili asitokee mtu wa kuirudisha yeye akiwa ndani. Safari hii alimnyooshea Abiria. Alimwambia kazi hii inahitaji mlinzi, plagi hii ikirudi mahali pake bila yeye kuomba, ataungua. Kwa hiyo mlinzi asimame pale ukutani, aishike, asimpe mtu yeyote, hata mama.

Abiria akaitazama plagi, akautazama wavu. Mkono mmoja ukaachia mkanda. Halafu wa pili. Akashuka, akaenda kusimama ukutani, plagi ameikumbatia kifuani kama mwanasesere.

Tulisubiri umeme uliosalia ujiishie. Fundi akavaa glavu nene, akang'oa wavu, akatoa kiti, akafungua bomba la hewa. Manyoya ya kijani yalitoka kwa mafungu, yamesokotana kama nywele kwenye kitana. Nilikuwa nayapokea kwenye beseni. Halafu vitu vingine vikaanza kutoka, na fundi akapunguza mwendo, kama kwamba alikuwa na mwendo wa kupunguza. Makombo ya biskuti. Ushanga mwekundu wa nywele. Kipande cha kalamu ya rangi. Ganda la peremende, peremende yenyewe ikiwa ndani, haijalambwa. Feni ile ilikuwa inavuta. Mtoto akiweka kitu kwenye wavu kilikuwa kinaondoka taratibu, kana kwamba kuna mtu ndani anayenyoosha mkono.

Mwisho kabisa, kwenye mapanga ya feni, kidonge cheupe.

Nilikijua. Ni vile vya maumivu, vya mwishomwisho. Siku moja kilikosekana kimoja na mama mkwe alikitafuta chini ya kitanda kwa magoti. Abiria hakuwa amekisogelea, alisema hivyo kwa kutikisa kichwa, na sote tukamwamini. Alikuwa ameficha kimoja, akakihifadhi, na alipoona wakubwa wameshindwa na baba amehamia garini, akampa dawa.

Alikuwa ameacha ukuta na kuja karibu, plagi bado kifuani. Alikitazama kidonge kwenye kiganja changu.

"Hakukipata," alinong'ona.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ile. Nilimwambia kweli, hakukipata. Nikamwambia kwamba hata angekipata asingepona, kwa sababu dawa ile ilikuwa ya kumpunguzia maumivu tu, haikuwa ya kumponya. Ugonjwa ulikuwa umeachwa ukakua kabla ya mtu kuutazama. Haikuwa kosa la aliyeficha kidonge. Nilirudia hilo. Fundi alitugeuzia mgongo, akawa anasugua mapanga ya feni kwa brashi, pole pole mno, hata kwake yeye.

Kazi ilipokwisha alimwomba mlinzi plagi yake. Abiria alimkabidhi kwa mikono miwili. Gari likawashwa, taa nyekundu haikuwaka. Tukasikiliza. Feni ilikuwa inazunguka, fundi alishika uzi mbele ya wavu na uzi ukaelekea ndani, lakini sauti haikuwapo. Abiria aliweka sikio. Alisikiliza upande mmoja, akageuka akasikiliza na sikio la pili. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwangalia kwenye kioo. Alikaa wima, mikono mapajani, akitazama nje. Hakusema neno, si kwa sauti wala kwa kunong'ona, na nilianza kuogopa kwamba nimemnyang'anya baba yake na kubaki sina cha kumpa.

Blanketi nilimrudishia mama mkwe, limefuliwa. Alilipokea bila kuuliza. Nilimweleza kila kitu kwa sauti ya kawaida, naye alinitazama mdomo kana kwamba nasema lugha ngeni. Kidonge nilimwonyesha mwisho. Alikishika kwa vidole viwili, akakaa. Alikaa vile mpaka giza likaingia na hakuna aliyewasha taa.

Kisha uani mvumo ukaanza.

Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi. Nilijua ni pampu. Ningeweza kuichora. Hata hivyo niliogopa kama usiku ule, na sebuleni nikasikia pumzi ya mama mkwe ikikatika. Kandambili zikaburuzwa kutoka chumbani, shwa, shwa, zikapita mbele yetu sote hadi kwenye mlango wa uani. Komeo halikulia. Alisimama pale ndani, paji la uso kwenye ubao wa mlango, akisikiliza gari likizunguka na kukagua milango yake, mmoja baada ya mwingine, kama lilivyofundishwa na watu tusiowajua. Mvumo uliendelea kwa muda. Ulivuma mpaka nikatamani kupiga sufuria chini.

Ukakatika.

Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha watu watatu waliobana pumzi. Abiria akageuka kutoka mlangoni. Sikumwona uso. Nilimsikia tu, sauti yake nyembamba, yenye kutu kidogo, ikijaza sebule kutoka ukuta hadi ukuta:

"Mama, limemaliza."